Gri Yenye Ilingaa Siku ya Dot ya Solange

Kila samedi, ni kusema jumamosi, kule Kingi, Uwingabire anaamuka mbele ya jogoo kuwika. Anachota maji, anaosha sahani za usiku, anafagia parcelle, ule uwanja wa nyumba, kisha anaenda kutafuta wenzake. Iko na miaka kumi na mbili. Ni mutoto mwenye bidii ya kazi, hakuna mwenye anakatala. Lakini ukimupa kazi yenye inaweza kufanywa polepole ao mbio, yeye atachagua mbio.

Samedi ile haikukuwa kama zingine. Ilikuwa siku ya dot, siku wakwe wanaleta mahari, ya yaya yake, dada mukubwa Solange. Wakwe walikuwa njiani tangu jana, wanatokea Walikale, na mbuzi wa kuchoma alikuwa amekwisha kufungwa ku muti. Mama yao, Mama Bénédicte, akapeleka Uwingabire nyuma ya nyumba, mahali gri ya kuchomea nyama inakaa. Ni nusu ya pipa yenye wamelalisha, na juu yake chuma za kupangia nyama. Tangu sikukuu ya Noël hakuna muntu aliigusa. Mafuta ya zamani ilikuwa imeganda pale, nyeusi, nene, na panya ilikuwa imeacha alama za meno.

Mama alimuonyesha kazi yote. Washa kwanza makala, yale makaa ya miti, mafuta ilegee. Kisha sugua na jiwe ya volkano, ile nyepesi yenye matundu-matundu yenye wamama wanauzisha ku soko ya Sake kwa kusugua visigino. Sugua juu, sugua chini, sugua mahali chuma zinakutana. Halafu majivu na ndimu, halafu maji ya moto, na mwisho pangusa na kitambaa safi. Majivu ya zamani yenye iko ndani ya pipa nayo itoke yote. Alimuambia kwamba ile kazi itakula asubui yote, na asitumie kitu ingine isipokuwa jiwe.

Uwingabire akawasha, akaanza kusugua. Upande ingine wa nyumba wasichana wa famille, wa jamaa yao, walikuwa wanasukana nywele, na habari zilikuwa zinapita kule. Kulikuwa mwenye anasema muchumba wa Solange amenunua kravati, tai ya shingo, ndefu mpaka inafika ku magoti. Vicheko vilikuwa vinaruka juu ya nyumba. Uwingabire akaangalia vidole vyake, vyote nyeusi, na chuma nayo bado nyeusi.

Njo hapo akakumbuka brosse, burashi ya chuma ya kaka yake Floribert, yenye anasugulia kutu ya moto yake, ile pikipiki. Floribert alikuwa amekwenda kupokea wageni ku barabara. Ile brosse ilikuwa imezeeka, nywele zake za chuma zimepinda huku na huku, lakini ilikuwa na nguvu. Kra, kra, kra, na chuma ikaanza kungaa. Upande wa chini aliupitishia brosse mara moja tu. Akamwanga maji, akarudisha brosse mahali yake, akakimbia kusukwa.

Mama alipokuja kuona, alisimama. Aliita tantines, mashangazi wote, waje kuangalia kazi ya mutoto wake, na tantines wakasema kweli, huyu amekomaa. Uwingabire akacheka kidogo. Kitu ilikuwa inamuchoma mu kidole kama mwiba. Akanyonya kidole, akasahau.

Wakwe walifika kisha saa sita ya midi, matope mpaka ku magoti. Mwenye kusema kwa jina yao alikuwa Papa Gustave, baba mukubwa wa muchumba, muzee mwenye upara na koti nzito. Sasa, mu famille hii kuna desturi moja yenye hata watoto wanajua: nyama ya kwanza inapelekwa mbele ya wakwe, na sahani ikishafika mbele yao hairudi. Kuirudisha ni kama kuwaambia, chukueni mwana wenu muende.

Floribert njo alikuwa anachoma. Sahani za kwanza zikaingia mu salon, chumba ya wageni. Akaita Uwingabire aje kupepea makala, na huku anageuza nyama akaanza kulalamika.

"Ni nani alichukua brosse yangu? Imetoka nywele sasa. Inafanana na Papa Gustave."

Uwingabire hakucheka. Aliangalia kidole chake. Mahali pale pekundu kulikuwa kitu inatoka, akaivuta na kucha: uzi wa chuma, mufupi, mwembamba. Akainama ku gri. Mahali chuma zinakutana kulikuwa uzi ingine, umeshikamana na mafuta. Akaangalia mulango wa salon, akaacha kupepea, akaingia.

Mule ndani Papa Gustave alikuwa anaomba. Maombi yake ndefu inajulikana mpaka Masisi centre. Alishukuru Mungu juu ya daraja ya kwanza, akashukuru juu ya daraja ya pili, akashukuru juu ya shimo yenye camion, lori yao, ilikwama na watu wenye walisukuma. Watoto walikuwa wamefungua macho, wanaangalia nyama inapoa. Uwingabire peke yake njo alitaka ile maombi iendelee.

Pengine hakukukuwa kitu mu zile sahani. Angeweza kunyamaza. Akisema, dot ya Solange inavunjika mbele ya watu wote. Solange alikuwa amekaa, amefunikwa kitenge. Uwingabire akagusa mama yake, lakini Mama, macho yamefungwa, akasukuma ule mukono: ngojea Amina.

Amina ikafika. Papa Gustave akanyoosha mukono, na Uwingabire akaweka mikono yake miwili juu ya sahani.

"Papa, usikule," akasema. "Mule iko nyuzi za chuma. Ni mimi. Nilisugua gri na brosse ya chuma, na Mama alikuwa amenikataza."

Tantine mumoja akasema chini-chini kwamba huyu mutoto amekwisha kuvunja ndoa. Papa Valens, baba yao, akaangalia viatu vyake.

Papa Gustave akaondoa mikono ya mutoto polepole, akakamata kipande cha nyama, akakipasua. Hakuna kitu. Akapasua kingine. Hakuna. Tantine akaanza kusema kwamba mutoto anaota, muzee akule tu. Muzee akapasua kingine tena, akavuta kitu chembamba sawa unywele, akakilalisha ku kitambaa cha meza.

"Hii ingebakia mu koo yangu, mungenipeleka wapi?" akauliza. "Ile barabara munaijua."

Mama Bénédicte akasimama, akaomba pardon, akaomba musamaha. Hakujua afanye nini na zile sahani.

"Sahani hairudi," Papa Gustave akasema. "Itabakia hapa mbele yangu. Ila hakuna mwenye ataigusa."

Muntu wa kwanza kucheka alikuwa Papa Valens.

Kisha muzee akauliza kama nyama mbichi imebakia. Ilikuwa imebakia mingi. Akavua koti, akaita muchumba, wakakata vijiti vibichi vya mapera, wakatunga nyama, wakavisimika pembeni ya makala vile wanafanyaka kwao mu pori, bila chuma hata moja. Wakwe na wenye nyumba wakakaa wote chini, wanakula viazi na fromage, jibini ya maziwa, huku wanangojea. Kravati ya muchumba haikukuwa ndefu vile walisema, lakini ilinukia moshi mpaka mwisho.

Wakati wa kuaga, Mama akaomba pardon tena. Papa Gustave akamukatisha.

"Mama, nyumba yenye haikoseake sijaiona. Sisi tulikuja kutafuta nyumba yenye inasema kweli. Solange ni bibi-arusi yetu."

Kesho yake kisha misa, Uwingabire na mama yake walirudi nyuma ya nyumba. Makala ikawashwa, mafuta ikalegea, jiwe ikaanza kazi. Majivu, ndimu, maji ya moto. Jua ilikuwa imepanda sana wakati upande wa juu uliisha, na mikono ilikuwa inamuuma. Uwingabire akauliza kama sasa inatosha. Mama akageuza zile chuma, akamuonyesha upande wa chini.

"Mwenye anakula haonake huku," akasema. "Anakuamini wewe tu. Njo maana tunasugua."