Matawi Mabichi Njiani

Kila siku asubuhi, kabla majivu ya jikoni hayajazolewa, Kiberiti alikuwa ameshafunga kamba za viatu vyake vya kukimbilia. Jina hilo alipewa na wapagazi wa sokoni kwa sababu alikuwa mwembamba, na ukimgusa kidogo tu anawaka. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na shuleni hapakuwa na mtoto aliyezijua njia za mji ule kwa miguu kama yeye.

Mji wenyewe ulikuwa wa kale. Soko la nafaka lilikuwa katikati, na kutoka hapo njia zilitawanyika kama vidole vya mkono. Moja ilipita chini ya lango la mawe, nyingine ikazunguka nyumba ya mizani. Ile iliyo nzuri kuliko zote ilishuka ngazi hadi kando ya mto. Huko mkimbiaji alipita chini ya maghala ya zamani yenye roshani za mbao, maji yakiwa upande mmoja, na chini ya miguu yake ukuta wa mawe ambao wafanyabiashara wa zamani waliujenga ili ukingo usiliwe na mto.

Mwalimu wa michezo alimpa Kiberiti kazi ya kuchagua njia ya mbio za majaribio za shule nzima, wadogo na wakubwa. Watakaofanya vizuri wangekwenda kushindana na shule nyingine, na Kiberiti ndiye angekuwa kiongozi wao. Alichagua njia ya mto.

"Msiniulize, ni siri," aliwaambia wenzake. "Mkiiona mtasahau kuchoka."

Jioni ya kuamkia mbio alikwenda kuipitia mara ya mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo huko milimani, ingawa mjini hapakuanguka hata tone. Mto ulikuwa umejaa, umegeuka rangi ya udongo, na haukuwa na kelele. Ulipita kimya, kama mtu anayepita nyuma ya nyumba za watu akiwa na jambo lake.

Katikati ya njia alikuta matawi mabichi yamelazwa, kuanzia kwenye ghala mpaka ukingoni. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua maana ya matawi mabichi njiani. Lori likiharibika barabarani, utingo huyaweka. Shimo likifunguka, watu huyaweka. Maana yake ni moja: usipite.

Kiberiti alitazama mbele. Njia ilikuwa kavu na safi. Akatazama nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Wakata kuni hawa," alisema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Akayavuta matawi, akayatupa pembeni, akakimbia. Alipopita mahali pale alisikia changarawe zikidondoka majini chini yake, chache, kisha nyingine chache. Hakugeuka.

Kiberiti alilelewa na mjomba wake, aliyekuwa mwashi. Jioni hiyo mjomba alinawa mikono kwa muda mrefu mpaka chokaa ikatoka, kisha akaketi kula pamoja nao.

"Ule ukuta wa mtoni umevimba, umetoa tumbo," alisema. "Maji yameula udongo kwa ndani. Nimeweka matawi. Kesho asubuhi nitakwenda ofisi ya mji wakaifunge ile njia."

Kiberiti akalirudisha tonge sahanini.

"Baba, tumbo kama la kwako?" aliuliza Kitinda, mtoto wa mwisho wa mjomba, aliyekuwa darasa la nne katika shule hiyohiyo.

"La kwangu limeshiba. Lile bado lina njaa." Mjomba akamgeukia Kiberiti. "Mbio zenu kesho zinapita wapi, mama?"

"Sokoni, mjomba. Tunazunguka sokoni tu."

"Vizuri," alisema mjomba, akaendelea kula.

Neno lile "vizuri" lilimkaa Kiberiti kifuani. Angesema kweli, mjomba angemgombeza, kisha mwalimu angejua, na uongozi ungekwenda kwa mwingine. Akaona njia rahisi: angeamka mapema, ayarudishe matawi, kisha amwambie mwalimu kwamba amekuta njia imefungwa. Hakuna ambaye angejua.

Alipofika mtoni asubuhi, wingu zito lilikuwa limeinamia paa za maghala. Matawi hayakuwepo. Mtu alikuwa ameyaokota kuni, na pale chini yalibaki majani machache tu yaliyokanyagwa. Njia ilikuwa wazi kama mlango uliosahauliwa. Safari hii aliuona ufa. Ulikatiza njia, mwembamba, na ukingoni jiwe moja lilikuwa limechomoka. Mahali lilipokuwa palibaki shimo jeusi.

Akatimua mbio kwenda shuleni kwa njia ya mkato, kupitia kichochoro cha maghala. Mwalimu wa michezo alikuwa uwanjani na wanafunzi wakubwa peke yao.

"Wadogo wako wapi, mwalimu?"

"Nimewatanguliza, mvua isije ikatukuta. Nimewaambia wafuate ngazi, kisha mto. Kitinda yuko mbele, anakimbia kama anadaiwa."

Kiberiti aligeuka akatazama upande wa mto.

"Mwalimu, njia ya mto leo si nzuri."

"Si wewe uliyeisifu wiki nzima?" Mwalimu alicheka. "Au umeogopa watoto watakupita?"

Wenzake wakacheka pia. Mlango wa uongo mdogo ulikuwa bado wazi: angeweza kusema kuna matope, kuna nyoka, kuna chochote. Lakini mwalimu angebishana, na Kitinda alikuwa anakimbia.

"Mjomba aliweka matawi jana, mimi nikayatoa," alisema. "Ukuta umetoa tumbo. Nilijua tangu jana, nikadanganya."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akatia filimbi mdomoni akaipuliza kwa nguvu zake zote, lakini watoto walikuwa mbali. Kiberiti hakungoja. Alikatiza katikati ya soko, akapita kati ya magunia na mizani, akaruka mikokoteni.

"Kiberiti, unakwenda kuunguza nini?" mpagazi mmoja alimtania.

Alishuka kwa kichochoro cha maghala, akatokea kando ya mto, hatua chache mbele ya ufa. Ng'ambo ya ufa watoto walikuwa wanakuja, Kitinda mbele, miguu yao ikipiga mawe. Kiberiti alitanua mikono.

"Simameni hapohapo. Asije mtu huku."

Kitinda alisimama akihema, na wenzake wakamgonga mgongoni. "Umekata njia," alisema. "Nitakusemea. Mwizi wa mbio wewe."

"Nisemee. Lakini ukuta unataka kuanguka, rudi nyuma, mdogo wangu. Rudini wote, polepole, mkishika upande wa ghala."

"Ukuta huu ulikuwepo kabla ya bibi zetu," alisema mtoto mmoja. "Ndiyo uanguke leo, kwa sababu tunapita sisi?"

Wengine wakacheka. Chini yao changarawe zikadondoka tena, na safari hii hazikukoma. Zilimiminika kama nafaka kutoka kwenye gunia lililotoboka. Walirudi nyuma mmoja mmoja, wakigusa kuta za maghala.

Mwalimu alifika, kisha mjomba, aliyeitwa kutoka ofisi ya mji. Mjomba alilala kifudifudi kwenye njia, akachomeka fimbo ndefu katika ule ufa. Fimbo ilizama yote bila kugusa kitu. Akainuka taratibu, akawaondoa watu wote.

Mchana, wakati soko limejaa, ukasikika mshindo mmoja mzito. Wauza nafaka wakaacha kupima. Walipokwenda kutazama, sehemu ya njia ilikuwa imekwisha kuwa mto, na maji yalipita juu yake kimya kama kawaida.

Siku hiyohiyo mwalimu alimvua Kiberiti uongozi mbele ya wenzake. "Umewaokoa, na nashukuru," alisema. "Lakini hatari yenyewe wewe ndiye uliyewafungulia mlango." Kiberiti aliitikia kwa kichwa. Hakuwaka.

Nyumbani alimkuta mjomba ameketi uani, mikono juu ya magoti. Kitinda alikuwa amelala mapema, kichwa kwenye paja la baba yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa. Machozi yake yakaanza yenyewe.

"Jana nilikuuliza swali moja," alisema mjomba. "Uliogopa nini?"

"Kugombezwa, mjomba. Na kunyang'anywa uongozi."

"Uongozi umenyang'anywa, na kugombezwa utagombezwa. Kwa hiyo uongo haukukuokoa na lolote." Aliweka kiganja juu ya kichwa cha Kitinda. "Ungeniambia jana, ningefoka, tena sana. Lakini hasira yangu, mama, ingekwisha kabla chakula hakijapoa. Huyu angeingia majini, majonzi yetu yangekwisha lini?"

Kiberiti alimtazama Kitinda akipumua.

"Basi," alisema mjomba. "Kosa likikutoka, lilete likiwa bado dogo. Sasa njoo nikugombeze, halafu tule."