Maumivu ya Kusimama

Kila asubuhi, kabla madam hajaamka, Metrine aliloweka mchele wa mchana, kisha akampelekea bibi aliyepooza, mama yake madam, kahawa na tende. Siku hiyo kahawa haikufika. Metrine alikuwa amelala chali sakafuni jikoni, na madam alikuwa kwenye simu akiita polisi: kisanduku chake cha dhahabu hakikuwepo juu ya kabati.

Inspekta Salim Bajaber alipofika mtaa wa Ruwais, mshukiwa alikuwa hajainuka. Mama yake Bajaber alikulia Mombasa, hivyo hakuhitaji mkalimani kuzungumza Kiswahili na mfanyakazi huyo wa ndani.

"Dada, mbona walala chini?"

"Afande, nikisimama kichwa kinapasuka. Nikilala kinatulia." Akamtazama vizuri. "Kumbe Mwarabu anaongea Kimombasa."

"Mama alinichapa kwa lugha hiyo. Dhahabu iko wapi?"

"Sijui. Nipekue. Sina hata mlango wa kufunga."

Ilikuwa kweli. Alilala stoo, chumba kisicho na dirisha. Pasipoti yake na ikama, kibali cha ukaazi, alivishikilia madam.

"Kichwa kilianza lini?"

"Tulipotoa mazulia ya kufua kabla ya Ramadhani. Nilibeba lile kubwa mpaka juu ya paa. Nikahisi kitu mgongoni, kama uzi umekatika. Kahawa ndiyo hunisaidia kidogo, ile anayobakisha bibi."

"Ulimwambia madam?"

"Niliomba niende nyumbani nikatibiwe. Akasema mafi, hakuna. Nikasema sawa, madam."

Sebuleni, Madam Huda alijibu kwa Kiarabu bila kusita.

"Ni mvivu. Akilala mzima, akisimama mgonjwa. Uliona wapi ugonjwa wa hivyo?"

"Ulimwona akiiba?"

"Nilimwona jana juu ya kiti, akipanga kabati langu. Alisimama pale asubuhi nzima."

"Asubuhi nzima?"

"Mpaka adhana ya adhuhuri."

Bajaber aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa. Kisha, badala ya kituoni, yeye na askari wa kike walimpeleka Metrine hospitalini, akiwa amelazwa kiti cha nyuma.

Daktari Mwatime, Mdigo wa Kwale aliyekuwa na mkataba pale, alimsimamisha kando ya kitanda. Punde Metrine akashika shingo.

"Masikio yameziba, daktari. Nakusikia kama uko kisimani."

Akalazwa. Uso ukamlegea kwa nafuu.

Kipimo cha MRI kilimaliza ubishi.

"Ubongo huelea ndani ya maji," daktari alimweleza Bajaber. "Maji hayo huzunguka pia uti wa mgongo. Utando unaoyashika umechanika, yanavuja. Akisimama, ubongo unashuka. Wengi hupewa dawa za kipandauso miezi mingi kwa sababu hakuna aliyewauliza: ukilala inakuwaje?"

"Angeweza kusimama juu ya kiti asubuhi nzima?"

"Asingemaliza kukunja shuka moja."

"Mtamtibu vipi?"

"Kwa damu yake mwenyewe. Tunaitoa mkononi, tunaidunga mgongoni, nje ya utando. Ikiganda, inaziba tundu kama kiraka."

Bajaber alirudi Ruwais.

"Madam, nani alisimama juu ya kiti?"

Chumba cha pili bibi aliguna. Madam akashtuka.

"Leo nani amemgeuza mama yako?" Bajaber aliuliza.

"Mimi. Nimeshindwa."

"Dhahabu iko wapi?"

"Kwa dada yangu, Riyadh."

"Kwa nini?"

Madam alifunika uso. "Metrine akiwa na kesi hatoki nchini. Mama hali kwa mkono wa mtu mwingine. Mimi mwenyewe ananitemea chakula. Nilidhani Metrine anajifanya mgonjwa ili aniache."

"Taarifa ya uongo utaijibu kituoni," Bajaber alisema. "Kwanza leta pasipoti yake."

Kesho yake, Metrine akiwa ameshatiwa kile kiraka cha damu, Bajaber na madam waliingia wodini pamoja. Metrine alikuwa ameketi, mgongo wima, akinywa chai polepole kama mtu asiyeamini. Madam aliweka pasipoti kitandani.

"Nisamehe. Lakini mama anakuita. Ukipona, utarudi?"

Bajaber alitafsiri, akangoja lile "sawa, madam".

Metrine alishusha miguu sakafuni. Akasimama. Akangoja maumivu. Hayakuja.

"Afande, hili usinitafsirie."

Akamgeukia madam na kusema kwa Kiarabu chake cha jikoni:

"Mama yako nampenda. Lakini sirudi. Nataka kwenda kwetu."