Simu Iliyonyamaza Nyumbani kwa Mafundi Cherehani

Nyumba ile ilijulikana mtaa mzima kwa kelele zake. Mume alikata nguo, mke alishona. Walifanya kazi hiyo pamoja kwa miaka thelathini, mpaka watu wakawaita Baba Mkasi na Mama Cherehani. Asubuhi wewe sikiliza tu: krrr, krrr, krrr. Ukisikia kimya, ujue wamekwenda msibani au uzi umekatika.

Alhamisi ile cherehani ilisimama kila baada ya mshono mmoja. Mama Cherehani alishona kidogo, akanyanyuka, akainua mkono wa simu, akasikiliza, akaurudisha. Kimya. Simu ilikuwa imekufa fofofo.

"Mara ya ngapi hiyo?" Baba Mkasi aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Sihesabu."

"Mimi nahesabu. Ya kumi na nne."

"Tania tu! Saa kumi ikifika tutaona nani atacheka."

Alikuwa na haki ya kuhangaika. Mume wake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Huu ulikuwa mwaka wa pili anaona ukungu tu. Mkasi wake ulikuwa umetundikwa ukutani, kwa sababu fundi asiyeona alama ya chaki ataharibu vitambaa vya watu. Alizoea kutembea ndani ya nyumba kwa kupapasa ukuta.

Hospitali ya macho ilikuwa mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Muuguzi aliwaambia wazi: "Nendeni nyumbani. Tutawapigia simu kuwapa siku ya upasuaji. Tukiwakosa mpaka Alhamisi saa kumi jioni, nafasi anapewa mwingine. Ninyi mtasubiri mwaka ujao." Miaka hiyo simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwa watu wa kawaida. Namba waliyoiacha hospitali ilikuwa hiyo moja ya nyumbani.

Sasa angalia mkosi. Jumapili simu ilikuwa nzima. Jumatatu ikaanza kukwaruza kama mtu anakaanga kitu. Jumanne ikanyamaza. Jumatano Mama Cherehani alikwenda ofisi ya simu. Wakamwambia, "Tumeandika, mama. Fundi atakuja wiki ijayo." Akaenda kwenye kibanda cha simu barabarani, akapiga hospitali. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaanza kuguna, naye akarudi nyumbani uso ameukunja.

Tangu hapo hakukalika. Alishaipiga simu makofi. Alishaipangusa. Alishaigeuza juu chini na kuitikisa. Sasa, saa nane mchana, aliuendea ukuta akautoa mkasi.

Baba Mkasi aliusikia mlio wake. "Mke wangu, huo ni mkasi wa nguo!"

"Nakata waya, nauunga upya. Labda umeoza."

"Umejuaje kama umeoza?"

"Sijui! Lakini siwezi kukaa tu, baba watoto. Siwezi!"

"Basi mwite Haloo."

"Haloo kasafiri."

"Karudi. Asubuhi nimesikia sauti yake."

Mama Cherehani alishika kiuno. "Na unaniambia saa hizi?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa umeshika simu."

Hakungoja hata kuvaa viatu vyote viwili. Haloo alikuwa jirani yao wa nyumba ya tatu, mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa. Alikuwa fundi wa simu miaka ishirini na mitano, akipanda nguzo na kuvuta nyaya, na sasa amestaafu. Hata akikutana na mtu njiani, husema "Haloo!" badala ya hujambo. Ndipo jina likamganda.

Alikuja na mkoba mdogo. Ndani yake mlikuwa na bisibisi, koleo na simu moja ya zamani.

"Haloo, shemeji!" alimsalimia Baba Mkasi. Kisha akaona mkasi mezani. "Huu wa nini?"

"Nilitaka kukata waya," Mama Cherehani alisema.

"Ukate wapi, dada? Tatizo liko wapi?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe!"

"Basi tulia kwanza. Simu haitengenezwi kwa hasira. Ukikata kabla hujajua, utakuwa na matatizo mawili."

Haloo aliangalia nje. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu. "Kukiwa na radi, usishike waya wa simu hata kidogo. Leo tuko salama. Na nyaya zilizo wazi usiziguse kwa vidole. Simu ikiita, zinampiga mtu kama umeme."

Akaenda kwenye kisanduku kidogo kilichokuwa ukutani karibu na mlango. "Waya wa kampuni unatoka kwenye nguzo, unaishia hapa. Kuanzia hapa kwenda ndani ni waya wenu wenyewe. Swali la kwanza ni moja tu: ugonjwa uko nje au ndani?"

"Uko nje," Mama Cherehani alisema. "Hao wa ofisini ni wavivu."

"Tutaona." Haloo alichomoa waya wa nyumba kwenye kisanduku. Mahali pake akachomeka simu yake ya zamani, akiubana waya wake kwa koleo kwa kuwa kisanduku kilishika waya mnene wa nyumba tu. "Simu hii naijua kuwa ni nzima. Sikiliza."

Mama Cherehani aliweka sikio. Muuu! Mlio ulikuwepo, mnene, safi.

"Ipo! Jamani ipo!"

"Kwa hiyo nje hakuna ubaya. Kikulacho ki nguoni mwako," Haloo alisema.

Baba Mkasi akacheka kwenye kiti chake. "Hapo umewapata mafundi nguo."

Haloo alichomoa simu yake, akarudisha waya wa nyumba. Akaingia chumba cha kazi, akaitoa simu ya wenyewe kwenye waya na kuchomeka ile yake. Wakasikiliza. Kimya. Kisha akaichukua simu ya wenyewe mpaka kwenye kisanduku, akaijaribu pale. Mlio ukaja, Mama Cherehani akapiga hospitali, inatumika; Haloo alipoachia koleo, mlio ukakatika.

"Umeona? Simu yenu haina kosa. Uliipiga bure, maskini. Tumebakiwa na kitu kimoja. Waya uliotoka mlangoni mpaka kwenye meza ya cherehani. Kuna aliyeugusa?"

Mama Cherehani aliutazama waya ukutani.

"Ulikuwa umelala sakafuni," alisema polepole. "Jumamosi baba watoto akajikwaa, nusura avunjike meno. Nikaupandisha ukutani, nikaupitisha pembeni mwa mapazia."

"Uliushika na nini?"

"Na pini."

"Pini gani?"

"Pini zetu za nguo. Lakini nilizipitisha kando ya waya! Siku ya pili dada yangu alipiga, tukaongea vizuri."

Haloo alivuta pumzi. "Ndani ya waya huu mna nyaya mbili ndogo. Zinakwenda pamoja lakini hazitakiwi kugusana. Pini ya chuma ikizichoma zote mbili, imeziunganisha. Mtambo wa kampuni unadhani mmeinua simu mnaongea. Anayepiga anaambiwa inatumika."

Mama Cherehani aliona aibu mpaka masikioni. Tangu Jumatano alikuwa anawalaumu watu wa ofisi, na yeye ndiye aliyeiua simu kwa mkono wake.

Wakaanza kutafuta. Aliweka pini kumi na moja, lakini ukuta ulikuwa na rangi ya maziwa, na vichwa vya pini vyeupe. Walichomoa moja, wakaenda kusikiliza. Kimya. Ya pili, ya tano, ya tisa. Kimya. Ya kumi ilikuwa nyuma ya pazia. Kimya. Ya kumi na moja haikuonekana. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na nusu. Mama Cherehani alivuta pazia huku, akalivuta kule, akapiga magoti, akanyanyuka.

"Labda ilianguka," alisema. "Labda ni kitu kingine. Haloo, tumekwisha!"

"Nipisheni," Baba Mkasi alisema.

"Wewe kaa, utajikwaa."

"Nipisheni, nasema. Pini ni kazi yangu."

Alisimama, akaupapasa ukuta mpaka akaupata waya. Akauweka katikati ya vidole viwili, akaufuata taratibu kama anavyofuata pindo la suruali. Alipita mlango, akapita pembe ya kabati. Akasimama.

"Hii hapa. Imezama yote. Kichwa tu kimebaki." Akaguna. "Ni hapa ninaposhika ukuta kila siku nikienda kuoga. Kumbe nimekuwa naisukuma mwenyewe."

Haloo aliing'oa kwa koleo. Ilitoka na alama ya shaba. Mama Cherehani alikimbilia simu, akaurudisha mkono wa simu mahali pake ili aanze kusikiliza upya, na kabla hajauinua tena, ikaita.

Ngriii!

"Haloo?" alisema.

"Jamani!" Muuguzi alikuwa anafoka. "Mnaongea na nani siku tatu? Kila nikipiga inatumika! Nilikuwa nimeshachukua faili la mwingine. Mleteni Jumanne, saa mbili asubuhi, asile kitu."

"Ndiyo, dada. Ndiyo. Ndiyo." Hakujua neno jingine. Alipoiweka simu chini alikaa sakafuni akalia kwa sauti, na hakuna aliyemkataza.

Kabla ya kuondoka, Haloo alimwonyesha klipu ya plastiki kutoka kwenye mkoba wake. "Hii inaukumbatia waya, haiuchomi. Waya huu umeshatobolewa, unyevu utaingia. Tafuteni mpya, mrefu, usio na kiungo katikati. Usiupitishe pamoja na waya wa umeme, wala chini ya mguu wa kabati. Ukimaliza, sikiliza mlio papo hapo, usingoje simu ikukatalie."

Mama Cherehani aliifanya kazi hiyo mwenyewe, Jumamosi, bila fundi. Klipu kumi na moja, kutoka mlangoni mpaka mezani. Alisikiliza mlio, akaridhika.

Wiki ya tatu Baba Mkasi alirudi nyumbani, bandeji imetolewa. Jicho la kwanza lilikuwa tayari, la pili lingefuata. Alisimama mlangoni bila kushika ukuta. Akautazama waya mpya, klipu kwa klipu, mpaka mwisho.

"Nani kapigilia hii?" aliuliza.

"Mimi."

"Ya tatu imekwenda upande."

Mama Cherehani alishika mdomo. Kwa miaka thelathini maneno kama hayo yalikuwa yanamuudhi.

"Rudia," alisema.

"Nasema klipu ya tatu imepinda."

"Rudia tena, mume wangu."