Jina la Twalib Ijumaa Mchana

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstari, Twalib alifungua chumba cha kompyuta cha shule yao pale Tegeta, akapangusa meza na kuwasha mashine moja moja. Vumbi la Tegeta halina adabu. Ukilipangusa saa moja, saa mbili limerudi. Twalib hakulalamika, maana yeye ndiye aliyekuwa kiranja wa chumba hicho. Wanafunzi wengine wa darasa la sita waliingia kila mmoja kwa jina lake na nywila yake, lile neno la siri, wakagusa kazi zao tu. Akaunti ya Twalib ilikuwa na mamlaka zaidi: iliweza kufungua na hata kufuta kazi za wote.

Jumatatu hiyo alikuta folda ya jarida la shule haipo. Akatafuta huku, akatafuta kule. Lahaula! Habari, picha na mashairi ya muhula mzima, vyote vimetoweka, na wazazi wanakuja Alhamisi kulisoma.

Madam Felicitas, mwalimu wao wa kompyuta, hakupiga kelele. Alifungua kumbukumbu za mfumo, zinazoonyesha nani ameingia, saa ngapi, na amefanya nini.

"Soma mwenyewe."

Twalib akasoma. Ijumaa, saa saba na dakika kumi mchana. Aliyefuta: Twalib.

"Madam, saa hiyo mie nilikuwa msikitini!"

"Nawaruhusu kila Ijumaa mwende kuswali. Kumbe wewe ulibaki humu?" Alimkazia macho. "Nakupa mpaka mchana uniambie ukweli. La sivyo utavua beji ya kiranja, na baba yako nitamwita aje asikie unavyoitumia ruhusa ya swala."

Kuvua beji kungemuuma Twalib, lakini baba yake kuambiwa kwamba alidanganya kuhusu swala, hapo angezikwa akiwa hai. Mashahidi alikuwa nao, wenzake wanane walioswali naye. Tatizo ni kwamba akiwaleta, swali la pili lingekuwa: basi nani alikuwa na nywila yako? Na yeye alitia saini kwenye karatasi kwamba hatampa mtu yeyote.

Alikuwa amempa Vaileth, jirani yake wa dawati. Kila Ijumaa alimwachia ili wenzao waliobaki wasikwame. Darasani kwao waliazimana kila kitu, kifutio, rula, hata sweta, na anayenyima huitwa mchoyo. Lakini Vaileth hakuweza kufanya jambo kama hili. Twalib akamfikiria Edgar. Shairi la Edgar lilikataliwa na jarida, na Alhamisi iliyopita alisimama nyuma yake akimchungulia alipokuwa akiandika nywila.

"Kiranja, jarida umelila?" Edgar alimtania walipokutana mlangoni.

Ndiye huyu, Twalib akajiambia. Asubuhi nzima akamchunga. Edgar akicheka, anamcheka yeye. Akinyamaza, anaficha kitu. Mapumziko akamfuata mpaka bombani.

"Mbona unanifuata kama askari?"

"Jarida umelifuta wewe!"

"Mie? Ijumaa sikuja shule kabisa! Nilimpeleka bibi hospitali, Mwananyamala. Kaangalie daftari la mahudhurio."

Twalib akaenda kuliangalia. Kweli, Edgar hakuwapo. Aibu ikamshika, kisha ikamjia hofu nyingine. Tangu asubuhi Vaileth hakuazima chochote wala hakumtazama usoni. Kikulacho ki nguoni mwako! Alitamani kumbana palepale, ila akajiuliza: nani aliyempa nywila kama si mie?

Mchana akaenda mwenyewe kwa Madam Felicitas.

"Madam, niliswali kweli. Lakini nywila nilimpa mtu. Nimevunja ahadi."

"Ulimpa nani?"

Kabla hajajibu, sauti ikatoka mlangoni. "Mie, Madam." Vaileth alikuwa akilia. "Nilitaka kufuta habari yangu niiandike upya. Nimezoea kwamba kwenye akaunti yangu nikibonyeza kufuta, kinafutika cha kwangu tu. Nikaona folda nzima imeondoka. Nikaogopa. Twalib, nisamehe."

Madam Felicitas akashusha pumzi. Akafungua kabati na kutoa flashi yenye nakala ya jarida aliyoihifadhi Alhamisi iliyopita. Kazi ya Ijumaa tu ndiyo iliyopotea, na hiyo waliirudia Twalib na Vaileth kabla ya wazazi kufika. Twalib akabadilisha nywila, na kwa wiki mbili akakaa bila beji. Kwa Edgar alikwenda kuomba radhi mbele ya darasa, na Edgar akamtania kwa kumpigia saluti ya askari.

"Sikilizeni," mwalimu aliwaambia wawili hao mchana uleule. "Penseli ukiiazima, inarudi. Nywila hairudi, maana aliyeisikia ameshaijua. Kumnyima rafiki nywila yako si uchoyo. Unamlinda asibebe mzigo usio wake. Mkihitaji msaidizi, njooni nimfungulie akaunti yake, yenye mamlaka anayoyahitaji tu. Na mkikosea, semeni mapema. Mngesema Ijumaa, leo asingeshukiwa mtu."

Ijumaa iliyofuata Vaileth alikalia kiti cha kiranja kwa jina lake mwenyewe. Twalib alikuwa akivaa viatu aende kuswali. Vaileth alipoanza kuandika nywila yake, Twalib akageuka, akautazama ukuta mpaka alipomaliza.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari. Nenda, utachelewa."