Maketi ya Nyumba ya Birere

Gundi ilikuwa bado pale kwenye sakafu ya sebule, doa dogo linalong'aa, lakini kijitu cha karatasi alichokigandisha hapo, cha baba yake, hakikuwepo. Sumaya aliinama akachungulia madirisha ya ile nyumba ya kadibodi. Alipofungua kimlango cha ghorofa ya chini, alikikuta kimelala kifudifudi kwenye kona ya stoo, na kutoka humo ndani ikamjia harufu ya udi na kiberiti cha volkano.

Kwanza alicheka. Alikuwa anasoma usanifu wa majengo, na wasomi hucheka kwanza, kulia huja baadaye. Julai hiyo angekwenda Marseille kwenye masomo ya kiangazi ya wanafunzi wa usanifu kutoka nchi nyingi. Kila mmoja alitakiwa kubeba maketi, yaani mfano mdogo wa nyumba aliyokulia, na mwenye kazi bora angepewa nafasi ya kubaki huko kusoma. Sumaya aliitaka nafasi hiyo kuliko chakula.

Na nyumba yao ilikuwa na kisa cha kushindia. Iko Birere, mtaa wa mji wa Goma, juu ya lava ya mwaka elfu mbili na mbili, na chini ya lava hiyo imezikwa nyumba ya zamani ya familia. Baba yake, mzee Rachid, alijenga nyingine papo hapo juu yake. Watu wa Goma ndivyo tulivyo, moto ukishapoa tunapiga msingi. Rachid ni dereva wa lori la njia ya Rutshuru, na kila akirudi safari hugonga geti mara mbili, ananyamaza, kisha mara moja, ili binti yake ajue ni yeye akimbie kumfungulia.

Sumaya alizijenga nyumba zote mbili kwenye maketi yake, ya juu na iliyozikwa, akiwauliza wazazi stoo ilikuwa wapi na mlango ulifungukia wapi. Kisha akakata vijitu vitatu vya karatasi ngumu, ili mtazamaji aone ukubwa wa vyumba, kama wafanyavyo wasanifu wote. Mama yake, Mwanaheri, alimkanya.

"Sumaya, sanamu ya batu mu nyumba ya Waislamu haifai. Malaika hawataingia."

"Mama, haina sura. Ni mesure tu, ya kuonyesha ukubwa."

Sura haikuwa nayo, kweli. Lakini kile cha baba alikikata pamoja na bega lake la kushoto lililoshuka kwa usukani wa miaka mingi, na hata jirani angekitambua. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema ni guu la nani.

Jioni ya siku ile kijitu kilipokutwa stoo, Rachid alirudi akikohoa. Hakula. Alilala kifudifudi kwenye mkeka akawa anatema chembe nyeusi, mchanga wa volkano, na mkewe akazifuta kimya kimya kwa kitenge. Sumaya akakirudisha kijitu sebuleni, akakigandisha upya. Asubuhi baba aliketi akanywa chai. Mchana kijitu kikawa stoo tena, na baba akaanguka uani.

Halafu kukaanza kugongwa. Kulianza saa ya magharibi, chini ya sakafu ya nyumba yenyewe, mahali ambapo hapana kitu ila jiwe, kwanza kwa kiganja, halafu kwa ngumi, halafu kwa kucha, kukimfuata Mwanaheri kila alipokwenda, jikoni, mlangoni, kando ya mgonjwa, na udi ukanuka nyumba nzima ingawa hakuna aliyefukiza, ukanuka kwenye wali, ukanuka kwenye nywele, hadi mgonjwa mwenyewe akaanza kuomba afunguliwe mlango, naye kalala mbele ya mlango ulio wazi.

Akaitwa Maalim Useni, mtu wa kisomo. Aliitazama maketi kutoka mlangoni pa chumba cha Sumaya, bila kuigusa.

"Huku chini kulikuwa nani?" akauliza.

Mwanaheri akanong'ona. "Mama-mukwe alikuwa na jini yake. Kila juma alimuwekea udi na marashi mu depo, ile stoo. Siku volkano ilishuka, alilia, mumufungulie atoke! Lakini sisi tulikuwa tunabeba matela za kulalia. Rachid aliogopa wezi. Akafunga depo na kadenas, kufuli kubwa, tukakimbia."

"Mulimufungia."

"Hatukufikiri, Maalim."

"Miaka yote hii hakuwa na mulango. Sasa mutoto wenu amemutengenezea." Akashusha sauti zaidi. "Mufunike hii kitu na kitambaa, mutu asiangalie ndani, na muichome leo. Ikibaki, watabadilishana. Jini atapanda juu, Rachid atashuka chini."

Sumaya akaingia chumbani kuichukua. Kabatini alikuwa na maketi ya pili, maana kila mwanafunzi wa usanifu hutengeneza kwanza moja mbovu ya kujaribia, ya maboksi ya biskuti, kabla ya ile nzuri. Alisimama mbele ya zote mbili akimsikia baba yake akihema upande wa pili wa ukuta. Alimpenda baba yake, tusimsingizie. Ila safari aliipenda zaidi, akafunika ile mbovu kwa kitambaa, akaitoa uani. Maalim akasoma, Mwanaheri akawasha. Maboksi yaliungua kwa moto wa kawaida kabisa. Maalim alikunja uso, lakini nani angemshuku binti wa mgonjwa?

Wiki iliyofuata alivuka mpaka kwenda Gisenyi, kisha Kigali, akapanda ndege na sanduku lenye ile maketi nzuri magotini. Baba hakuweza kuinuka kumuaga.

Siku ya kuonyesha kazi, katika ukumbi mweupe wa Marseille, simu yake ililia.

"Sumaya! Alhamdulillahi, papa yako ameamuka!" Mama alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha jikoni. "Anatembea, hakohoi tena. Anasimama tu mu salon, anakataa kukaa. Bega yake imenyooka, mutoto wangu, kama ya kijana. Ila ule udi, njo yeye anaunuka mwilini. Na anakuulizia. Anasema, ule mutoto alinifungulia mulango, atarudi siku gani?"

Sumaya akakata simu. Alichungulia dirisha la maketi. Sebuleni kilisimama kijitu ambacho hakukikata yeye, kirefu, mabega sawasawa. Kimlango cha stoo kilikuwa kimefungwa kwa kufuli dogo kama punje ya mtama. Na nyuma yake kulikuwa kunagongwa. Mara mbili, kimya, kisha mara moja.

Kisu cha kukatia kadibodi kilikuwa mezani, karibu na mkono wake. Jina lake likaitwa, na walimu wakasogea.

Akaweka kiganja juu ya paa, akakandamiza, akaanza kueleza. Alieleza lava, alieleza msingi, alieleza nyumba iliyozaa nyumba, ingawa chini ya kiganja chake kadibodi ilitikisika, kwa kiganja, kwa ngumi, kwa kucha, naye akakohoa kidogo ili wasisikie.

"Kazi nzuri sana," akasema mwalimu mmoja, mama wa makamo, akiinamia kimlango cha stoo. "Na huku chini, umeweka mtu?"

Sumaya alitabasamu.

"Hapana, madame. Hakuna mtu."

Kugonga kukakoma.