Upande Mmoja wa Ndevu

Jumatatu ile kinyozi alinyoa wanafunzi tu, maana shule zilikuwa zinafunguliwa. Jioni alipofagia, katikati ya nywele nyeusi za watoto akakuta kishungi cha ndevu nyeupe pee. Akakitazama, akakitupa. Upepo huo, akajiambia, ingawa mlango ulikuwa umefungwa na upepo haujawahi kumnyoa mtu.

Jumanne akakikuta tena. Jumatano ikaja na harufu: dawa ya kuchua, ile kali inayochoma pua. Kinyozi aliijua vizuri. Alimchua nayo baba yake miaka minne, tangu mzee apooze miguu.

Sasa tuseme jambo ambalo mwenyewe alikuwa halisemi. Wote waliokimbia vita pamoja naye walijua kwamba mzee alifariki usingizini, usiku wa kuamkia siku ya mabomu. Kinyozi ndiye aliyetangaza msiba, hapa hapa ugenini, watu wakakaa naye siku tatu, na dada yake akalia mpaka sauti ikamkauka. Ulikuwa uongo mtupu. Mzee aliachwa hai, kwenye kiti mbele ya nyumba, taulo shingoni. Kinyozi aliona aibu hata kulikumbuka taulo lile.

Alhamisi saa nne asubuhi, jua likiwaka, fundi viatu wa jirani aliingia, akaangalia kiti cha kunyolea, akarudi nyuma kwa adabu.

"Shikamoo mzee," akasema. Kisha akamgeukia kinyozi. "Endelea naye tu, ndugu yangu. Nitasubiri nje."

Kiti kilikuwa kitupu.

"Unamsalimia nani?" kinyozi akanong'ona.

"Usinitanie, bwana. Mmalizie, unamwachaje mtu mzima na ndevu upande mmoja?"

Fundi akatoka. Kinyozi hakuthubutu kukitazama kiti, akainua macho kwenye kioo, na humo akamwona mzee ametulia, shavu moja laini, shavu la pili limejaa povu na ndevu, taulo shingoni, macho yamemwelekea yeye bila hasira yoyote, kwa subira tu, kama mteja anayemwamini kinyozi wake, na ile subira ndiyo iliyomfanya autupe wembe sakafuni na kutoka mbio.

Mganga aliyemkimbilia alikuwa mama mnene mwenye miwani. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huyo si baba yako," akasema. "Ni jini. Mlimlilia mtu mliyemwacha hai, mkaacha mahali pake wazi, naye akaingia. Nenda ukamwambie ukweli yule aliyelia kuliko wote."

"Mama, si unipe hata dawa ya kuoga?"

"Ya kuoga ninayo tele, mwanangu. Haitakusaidia."

Aliyelia kuliko wote alikuwa dada yake, ndugu pekee wa damu aliyembakia. Akimkana, basi tena. Mchana ule ule kinyozi akamfuata kazini, uani mwa hospitali, alikokuwa akianika mashuka.

"Dada, baba hakufa." Alisema huku ameinamisha kichwa. "Nilikuwa namnyoa. Bomu la kwanza likaangukia sokoni. Nikamwambia naleta mkokoteni, nakuja sasa hivi. Na mkokoteni niliupata, dada. Nikapitia kwangu, nikapakia watoto, nikapakia na magodoro. Nafasi ya baba ilikaliwa na magodoro."

Dada alibana shuka kwenye kamba. Hakugeuka.

"Najua," akasema.

"Umejuaje?"

"Nilipita nyumbani nyuma yako. Nilimkuta pale pale, povu limemkaukia shavuni. Akaniambia, kaa hapa mwanangu, tumsubiri kaka yako. Nikamwambia ngoja nimkimbilie, nimharakishe." Sauti ikamshuka. "Siku ulipotangaza msiba, kaka, nililia kwa shukrani. Nilijua hakuna atakayeniuliza."

Kinyozi alingoja moyo upate wepesi, maana amekwisha kusema yote, lakini badala ya wepesi ikamjia harufu ya dawa ya kuchua, na safari hii ilitokea upande wa mashuka, ikizidi kila upepo ulipoyapeperusha, mpaka machozi yakamtoka asijue ni ya dawa au ni yake mwenyewe.

"Anakuja na kwako?" akauliza.

"Kila siku, nikianika. Anakaa nyuma ya shuka. Hanilaumu hata kidogo. Ananiuliza tu kama nilikufikia."

"Nawe unamjibu nini?"

"Sijawahi kumjibu."

Dada akafuta mikono kwenye gauni. Akamshika kaka yake mkono kwa nguvu, kama anayeogopa atakimbia tena, akayageukia mashuka.

"Nimemfikia, baba," akasema. "Huyu hapa."

Na shuka lililokuwa mbele yao likaanza kusogezwa pembeni, polepole.