Kasoro za Mzee Kipriani

Gari moshi kutoka pwani lilikuwa limesimama Nachingwea, watu wanasukumana na mizigo. Mwalimu Eustakio, kaptura yake nyeupe imenyooka kwa pasi, akamkanyaga binti mwenye gauni la maua.

"Mwalimu mzima huoni mguu?"

"Nimeliona gauni, dada. Mguu umenipita."

Binti akacheka. Aliitwa Aurelia, bintiye Mzee Kipriani, katekista wa Ruangwa. Basi, mapenzi yakapamba moto, posa ikapokelewa, na harusi ikapangwa baada ya msimu wa korosho.

Mwaka huo, 1955, Eustakio alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake maandishi ya Mwingereza mmoja wa enzi za Malkia Viktoria, bingwa wa insha na historia. Darasa lilisinzia, maana mashujaa wake walikuwa wageni kwao. Mwingereza huyo hakumwaga sifa tupu. Alipomsifu shujaa, alitaja pia hasira zake na woga wake. Eustakio akaona awape shujaa wanayemjua. Akawaelezea Mzee Kipriani, aliyetembea na njaa kijiji hadi kijiji akifundisha watu kusoma, na ambaye radi ikipiga huingia uvunguni. Darasa likaangua kicheko, likaelewa somo. Maskini, alisema kwa mapenzi! Lakini kisa cha uvunguni kilikuwa siri aliyonong'onezwa na Aurelia.

Jumapili kisa kilikuwa kimeshafika Ruangwa. Mzee alipoinuka kuongoza sala, vijana nyuma wakanguruma kama radi. Akafunga kitabu, akatoka.

Eustakio alipanda baiskeli mbio, akapiga magoti uani.

"Nimekusamehe, mwanangu," Mzee alisema, bila kumtazama. "Ila binti sikupi."

Aurelia alimsindikiza hadi njiani, macho mekundu.

"Siri ile nilikupa wewe, Eustakio. Sikuwapa wanafunzi wako."

"Nilitaka wampende kama ninavyompenda mimi."

"Wamemcheka! Tangu siku ile hajakanyaga kanisani."

"Tuondoke, mpenzi wangu. Gari moshi lipo kesho."

Aurelia alifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Na mimi ungewaelezaje wanafunzi wako?"

"Wewe huna kasoro."

"Ninayo. Siwezi kumwacha baba na aibu niliyomletea mwenyewe."

Eustakio akamshika mkono. Mawingu yalikuwa yametanda upande wa Malolo. Radi ikapiga.

Aurelia akauchomoa mkono wake. Hakuaga, alikimbilia ndani kwa baba yake.